Namna ya kumtolea Mungu kilicho bora: mwongozo kwa muumini wa Nairobi

Nenda soko la mbuzi la Kiamaiko asubuhi uone mtu anavyochagua mbuzi wa harusi. Hachukui yule wa kwanza anayesogezewa. Anamshika kiunoni na kubonyeza uti wa mgongo kwa vidole, asikie kama una nyama. Anampanua mdomo atazame meno. Anavuta chini kope ya jicho aone kama ndani pana wekundu, kwa sababu pakiwa peupe huenda mnyama ana minyoo. Anamtembeza hatua chache, anaangalia kwato, pua, na chini ya mkia kama anahara. Akiridhika, ndipo mazungumzo ya bei yanaanza.

Mambo ya Walawi sura ya 22 inaagiza ukaguzi wa namna hiyo hiyo kwa mnyama wa madhabahu: asiwe kipofu, asiwe amevunjika mahali, asiwe kiwete, asiwe na vidonda wala upele. Baadaye, Hekalu likiwa limekwisha kujengwa upya, nabii Malaki aliwakuta makuhani wakipokea wale wale waliokatazwa. Akawaambia wampelekee liwali wao mnyama kama huyo waone kama atakuwa radhi nao. Kwa liwali wangeona haya. Mbele za Mungu haya ziliwatoka.

Mimi ni mmoja wa wanaohesabu sadaka katika kanisa letu huku Eastlands. Meza ile inaonyesha mengi. Utakuta noti ya hamsini iliyochanika katikati ikaunganishwa kwa selotepu, noti ambayo kondakta wa matatu aliikataa, ikaonekana inafaa kikapuni. Baada ya noti za zamani za elfu moja kukoma kutumika tarehe 1 Oktoba 2019, zilizokuwa zimesahaulika chini ya godoro zilianza kutufikia ndani ya bahasha. Udogo wa pesa hauniumizi hata kidogo. Sarafu ya shilingi kumi kutoka kwa mtoto aliyepewa ya peremende akaamua kuileta ni sadaka kamili. Kinachoniuma ni kuona kitu ambacho mwenyewe alikwisha kukihesabu kuwa hakina kazi.

Kwa hiyo nimeandika hatua ambazo mtu wa kawaida wa mji huu anaweza kuzifuata, awe ameajiriwa Upper Hill au anauza sukuma wiki Kayole. Kwanza shika jambo hili, maana yote yanayofuata yamesimama juu yake: katika Torati, maskini alipunguziwa kiasi, lakini hakupunguziwa ubora. Aliyeshindwa na mwana-kondoo alileta njiwa wawili. Aliyeshindwa na njiwa alileta sehemu ya kumi ya efa ya unga, takriban lita mbili hivi. Ila Walawi 5:11 haisemi unga wowote ule. Inasema unga mwembamba, ule mzuri.

Hatua ya 1: Kagua unachotoa sasa

Chukua karatasi Jumapili jioni, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Andika mambo manne: pesa, muda, mwili na sauti, kazi ya mikono yako. Mbele ya kila moja andika ulichotoa wiki hiyo, kwa ukweli. Ulifika saa ngapi? Uliimba, au ulisimama tu umefunga mdomo? Pesa uliyoweka kikapuni uliipanga, au uliitoa mfukoni kikapu kikiwa safu ya pili kutoka kwako?

Kisha fanya jaribio la Malaki. Weka jina la mkubwa wako wa kazi mahali pa Mungu. Ungefika kwenye mahojiano ya kazi umechelewa nusu saa? Ungempa mteja wako bidhaa uliyoikagua namna hiyo? Usijipige kifua wala usijitetee. Tia alama tu pale palipo na kilema, maana ndipo utakapoanzia.

Hatua ya 2: Maliza deni la haki kabla hujafika madhabahuni

Hatua hii wengi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote.

Yesu alisema katika Mathayo 5 kwamba ukiwa unaleta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale, uende kwanza mkapatane, ndipo urudi kuitoa. Amosi naye alisema Mungu anazikataa sikukuu na nyimbo za watu wanaoponda maskini, akataka hukumu itelemke kama maji. Na Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi.

Leta hayo hapa kwetu. Kuna nyumba Nairobi ambamo baba na mama ni wazee wa kanisa, ahadi zao za ujenzi zinasomwa mbele ya watu, na msichana anayewalelea watoto ana miezi miwili hajaona mshahara. Anaambiwa avumilie, mambo ni magumu. Jumapili anabaki nyumbani akipika wakati pesa zake zinapita kwenye kikapu. Sadaka hiyo si ya wenye nyumba, ni ya yule msichana, na hakuulizwa.

Basi fanya hivi. Orodhesha watu unaowadai na wanaokudai, kisha shughulika na hili kundi la pili: dada wa nyumbani, mlinzi wa lango, fundi aliyekushonea sare, mama mboga aliyekuandika kwenye daftari, mwanachama mwenzako katika chama ambaye zamu yake ilipitwa. Lipa unachoweza wiki hii. Usichoweza kulipa, nenda umwone mtu uso kwa uso mpange tarehe. Usimtumie ujumbe wa simu ukadhani umemaliza.

Na wazazi wako. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni korbani, yaani wakfu, ili wasiwasaidie baba na mama. Mama aliye kijijini hana dawa ya presha, nawe umeahidi kiti cha kanisa: anza na dawa.

Hatua ya 3: Tenga malimbuko siku pesa inapoingia

Mithali 3:9 inataja malimbuko, yaani ya kwanza. Habili alileta wazao wa kwanza wa wanyama wake, na sehemu zilizonona. Kinachotoka kwanza kina sifa moja ambayo mabaki hayawezi kuwa nayo: unakitoa kabla hujajua kama vingine vitatosha. Hapo ndipo imani inapoonekana.

Mwenye mshahara wa mwezi, weka utaratibu ambao hautegemei moyo wako uliamkaje. Mshahara ukiingia benki au kwenye M-Pesa, sadaka itoke siku hiyo hiyo, kabla ya kodi, kabla ya karo. Ukitaka kuipeleka mkononi Jumapili, itoe ukaiweke kwenye bahasha yenye jina la kazi yake. Ukitumia nambari ya malipo ya kanisa, tuma ukiwa umetulia, uombe, ndipo ubonyeze. Kutuma wakati mtangazaji anahimiza kwa kipaza sauti ni kutoa kwa kusukumwa, na 2 Wakorintho 9:7 inasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa lazima.

Anayepata kwa siku, wa boda boda, wa mjengo, wa kibanda cha chapati, mwezi haumfai kuwa kipimo. Tafuta kopo lenye mfuniko. Kila jioni unapohesabu mauzo, baada ya kutoa mtaji wa kesho, tia fungu la Mungu kwenye kopo kabla ya kununua chochote cha nyumbani. Mtaji si faida, usiutolee sadaka ukashindwa kwenda Marikiti alfajiri. Hiyo si imani, ni kuua biashara iliyolisha watoto na madhabahu kwa pamoja.

Kiasi gani? Makanisa hayasemi kitu kimoja. Wapo wanaoshika fungu la kumi kama sheria, wapo wanaosema Agano Jipya linataka ukarimu bila asilimia. Fuata mafundisho ya kanisa lako, ila amua kiasi na ukiandike. Kisichoandikwa huliwa.

Jambo moja zaidi: usitoe sadaka kwa Fuliza, wala kwa mkopo wa simu wa aina yoyote. Najua inafanyika, hasa siku za harambee. Daudi alipotaka kujenga madhabahu kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna, alipewa kila kitu bure, uwanja na ng'ombe na kuni. Akakataa, akanunua kwa shekeli 50 za fedha, akasema hatamtolea Mungu sadaka asiyoigharimia. Wengine wanaisoma habari hiyo kama ruhusa ya kujitia kitanzi. Lakini Daudi alilipa fedha aliyokuwa nayo. Paulo naye ameandika kwamba nia ikiwepo, sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo.

Hatua ya 4: Anza ibada Jumamosi

Mtu aliyelala saa nane usiku kwa sababu ya mpira na soga hana mwili wa kumpa Mungu saa tatu asubuhi. Atakuja, atakaa, macho yatafumba wakati wa mahubiri. Huyo ni mbuzi kiwete.

Jumamosi jioni piga pasi nguo za watoto, pakia Biblia na kitabu cha nyimbo, weka kando nauli ukijua kwamba Jumapili asubuhi matatu katika njia nyingine ni chache na hukawia kujaa. Soma mapema maandiko ya kesho kama kanisa lenu hufuata kalenda ya masomo. Lala. Ukiwa kazini usiku, kama walinzi na wauguzi wengi wa mji huu, usijilazimishe ibada ya asubuhi ukiwa umechoka hadi huoni. Tafuta ya jioni, au ibada za mchana za katikati ya wiki ambazo makanisa mengi ya mjini huwa nazo kwa ajili ya wafanyakazi. Saa bora ya siku yako ndiyo ya kumpa, hata kama ni Jumatano saa saba.

Fika kabla ya wimbo wa kwanza. Hilo tu, lishike kwa muda, utaona linavyobadilisha mengine.

Hatua ya 5: Ndani ya ibada, uwepo mzima

Zima simu kabisa au iache ikiwa kimya ndani ya mkoba. Anayesomea Biblia kwenye simu azime intaneti. Imba hata kama sauti yako haijafundishwa, kwa sababu kwaya haikuwekwa iimbe badala yako. Kwenye sala ya toba, taja dhambi yako kwa jina lake. Warumi 12:1 inaitaka miili yetu iwe dhabihu iliyo hai, na mwili ulio hai unasimama, unapiga magoti, unaitika amina.

Hatua ya 6: Leta ujuzi wako, ule ule unaolipwa nao

Hapa nina mengi ya kusema, kwa sababu makanisa ya Nairobi yamejaa watu wenye ujuzi mkubwa ambao hawautoi, au wanautoa ukiwa umechujwa.

Hema la kukutania liliposhonwa jangwani, Kutoka 35 inamtaja Bezaleli, aliyejazwa roho ya Mungu katika ujuzi wa kuchonga, kutengeneza dhahabu, fedha na shaba, na kukata vito. Wanawake wenye akili waliosokota nyuzi kwa mikono yao wametajwa pia. Ni watu wa kazi za mikono. Biblia inawataja kwa uzito kuliko tunavyowataja sisi mafundi wetu.

Jiulize unalipwa kwa lipi kuanzia Jumatatu. Mhasibu anayefunga vitabu vya kampuni kwa wakati, kisha hesabu za kanisa zinakaa bila kupatanishwa na benki kwa robo nzima, amemletea Mungu mnyama kipofu. Fundi umeme asiyekubali nyaya wazi kwa mteja wa Westlands, lakini ameacha waya wa spika ukining'inia juu ya watoto wa Sunday school, vivyo hivyo. Mwalimu wa shule anayetayarisha somo la hesabu jioni yote, halafu darasa la watoto kanisani analishika bila kusoma hata aya. Mpishi wa hoteli anayepeleka kwenye chai ya wazee mandazi ya juzi.

Kurekebisha hili si kugumu. Chagua huduma moja, si nne. Mtu aliye kwenye kwaya, kamati ya maendeleo, ushemasi na vijana hawezi kutoa kilicho bora popote. Iweke kwenye ratiba yako kama unavyoweka kazi ya malipo: siku, saa, na kipimo cha kazi iliyokamilika. Mwanakwaya aje mazoezini akiwa amesikiliza sauti yake nyumbani, asiende kufundishwa kila neno upya huku wenzake wamesimama. Mfagiaji wa kanisa asogeze viti, asizunguke miguu ya viti. Anayesafisha vyoo aache sabuni na maji, maana mgeni atakayeingia hapo mara ya kwanza atajifunza huko jinsi tunavyomheshimu Bwana wa nyumba.

Kama kanisa lako huwa na Jumapili ya mavuno, ile ambayo watu huleta ndizi, mayai, kuku na viazi vikapigiwa mnada baada ya ibada, chagua kama mnunuzi wa Kiamaiko. Usilete mkungu uliouacha kwa sababu umekomaa vibaya. Wanaoishi kwenye nyumba za ghorofa wasio na shamba wanaweza kununua sokoni asubuhi ile, na wachague kwa mkono wao wenyewe, kikapu kimoja kizuri.

Hatua ya 7: Ukiwa huna kitu

Mwaka ukiwa mbaya, kazi imekwisha, kodi imepita, watu wengi huacha kwenda kanisani kwa aibu ya kukaa mikono mitupu kikapu kinapopita. Tafadhali usiache.

Luka 2:24 inasema Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto Yesu Hekaluni walitoa sadaka ya ndege: hua wawili, au makinda mawili ya njiwa. Hiyo, kwa mujibu wa Walawi 12:8, ndiyo sadaka ya asiyeweza kununua mwana-kondoo. Mwana wa Mungu aliletwa kwa sadaka ya maskini, na haikurudishwa.

Na mjane wa Marko 12 alitia senti mbili, Yesu akasema ametia zaidi ya wote. Ila soma aya ya 40, iliyo mbele kidogo ya habari yake. Hapo Yesu anawalaani waandishi wanaokula nyumba za wajane. Anayemtumia mjane huyu kukushurutisha uuze friji au utume pesa ya karo upate muujiza amesoma nusu ya ukurasa. Mji huu una wahubiri wanaotaja kiasi, wanaotaja saa ya mwisho ya kutuma, wanaoahidi gari na visa. Mjane hakuambiwa na mtu atoe. Ukisikia shinikizo la namna hiyo, funga mkoba, ondoka, na usione hatia.

Badala yake toa kilichopo, kikiwa kizuri. Saa mbili za kumtembelea mgonjwa, ukiwa umenawa, umetulia, hutazami saa. Kufua vitambaa vya madhabahu kwa maji mawili na kuvipiga pasi. Maombi ya asubuhi kwa majina, jina moja moja, ya watu wa jumuiya yako. Hizo ni lita mbili za unga, na ni unga mwembamba.

Hatua ya 8: Angalia ilikotoka

Fupi, kwa sababu haina utata. Hongo, pesa ya zabuni iliyopikwa, faida ya pombe haramu, haisafishwi kwa kupitia kikapuni. Kumbukumbu la Torati 23:18 linakataza ujira wa kahaba kuletwa nyumbani mwa Bwana, na mapato haya nayo ni ya namna hiyo. Kanisa nalo lina haki ya kukataa hata pesa isiyo na doa la wizi ikiwa itaifunga mdomo: Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alikataa mchango uliotolewa na Rais katika kanisa la Soweto. Ukiwa kwenye kamati, kumbuka kwamba kupokea kila kitu si heshima kwa Mungu.

Hatua ya 9: Ukishatoa, achilia, lakini uliza hesabu

Kuachilia ni kutodai jina lako lichongwe ukutani, kutotaka mchungaji apange ratiba kwa matakwa yako, kutokumbusha. Kuuliza hesabu ni jambo jingine, na si ukosefu wa imani. Kilichotolewa kwa Mungu kinastahili daftari safi, wahesabuji wasiopungua wawili, risiti, na taarifa inayosomwa mbele ya washirika. Kama kanisa lako halifanyi hivyo, omba kwa upole kwenye mkutano wa mwaka, na ukipewa nafasi ya kusaidia, rudi kwenye hatua ya 6.

Kisha kuna habari ya Kutoka 36 ambayo sijaisikia ikihubiriwa mara nyingi. Watu walileta vitu vya Hema hata mafundi wakaenda kwa Musa wakamwambia vimezidi. Musa akatangaza kambini watu waache kuleta. Basi paa la kanisa lenu likitosha, viti vikitosha, usiendelee kuchangia vigae vya pili ili tu uonekane. Ichukue ile bahasha ya malimbuko umtafute jirani ambaye mgonjwa wake amepona lakini hajaruhusiwa kutoka hospitalini kwa sababu ya bili. Nenda naye hadi dirisha la malipo, mlipe mnachoweza, na mwulize kama wana nauli ya kurudi nyumbani.